Falsafa ya mwalimu haibaki ilivyoandikwa chuoni

Dhana: Mwalimu anatoka chuoni na falsafa yake imeshaiva.

Ukweli: Yenye nguvu zaidi ni ile aliyoingia nayo chuoni. Mwaka 1975 mwanasosholojia Dan Lortie wa Marekani alieleza kwamba mwalimu huanza kujifunza ualimu akiwa bado kwenye dawati, kwa kumtazama anayemfundisha miaka nenda rudi. Mimi nilimaliza chuo hapa Mtwara nikiwa na cheti cha ualimu cha Daraja A na karatasi iliyojaa maneno matamu kuhusu somo linalomlenga mwanafunzi. Nilipopangwa Tandahimba, wiki ya kwanza tu nilijikuta naongea kwa sauti ya mwalimu wangu wa darasa la tano. Fimbo mezani, "andikeni", kimya.

Dhana: Semina ya mtaala mpya ndiyo inayombadilisha mwalimu.

Ukweli: Ingekuwa hivyo, tungebadilika wote mwaka 2005 ulipokuja mtaala wa kujenga ujuzi. Kilichobadilika upesi ni maandalio ya somo. Thomas Guskey, Mmarekani mwingine, alisema mwaka 1986 kwamba imani ya mwalimu hugeuka baada ya kuona wanafunzi wake wameelewa.

Yangu iligeuka mwezi Novemba. Msimu wa korosho, darasa la nne nusu tupu. Mvulana mmoja alirudi baada ya siku nne, na huyo kwenye hesabu za kutoa nilishamweka kundi la vilaza. Mapumziko nikamsikia akimfafanulia mwenzake kwa nini pesa aliyopata mama yake si sawa na bei iliyotangazwa mnadani: korosho zilipimwa kilo ngapi, ushuru kiasi gani kila kilo, AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wamekata nini, imebaki shilingi ngapi. Bila kalamu, na hakukosea.

Ubaoni nilikuwa nimeandika swali la abiria wanaoshuka kwenye treni. Treni, Mtwara! Reli ya kusini iling'olewa miaka ya 1960. Nikafuta, nikachora stakabadhi ya ghala, ile karatasi ya korosho zilizopokelewa ghalani.

Dhana: Anayebadilika hana msimamo.

Ukweli: Mbona tangu siku ya kwanza sijaruhusu mtoto achekwe akikosea? Hilo halijahama. Fimbo ndiyo iliyohama, na sikuiacha kwa waraka wala kwa siku moja.

Dhana: Wazee wa kazi hawabadiliki.

Ukweli: Wengine hawabadiliki kweli, tusidanganyane. Lakini tulikuwa na mkongwe mmoja aliyesoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, jembe na chaki mkono mmoja. Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu aliniomba nikae nyuma ya darasa lake, nihesabu ni mara ngapi anauliza swali kisha analijibu mwenyewe. Kipindi kilipoisha nikamwambia kwa aibu, "Kumi na tisa, Mwalimu."

Akacheka. "Umeruka moja. Ni ishirini."