Kumwinua Mgonjwa Bila Kuumiza Mgongo: Maswali na Majibu

Kwa nini mgongo wa mhudumu huuma ilhali hajaanguka wala kubeba mzigo mkubwa?

Madhara mengi hujijenga kidogo kidogo. Kumgeuza mgonjwa, kumvuta juu kitandani na kuinama muda mrefu wakati wa kumwogesha ni matendo yanayozikandamiza diski za kiuno, yaani vifuko laini vilivyo kati ya mifupa ya uti wa mgongo, na mkandamizo huo huzidi pale mwili unapoinama na kujipinda kwa wakati mmoja.

Nilifundishwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo. Je, haitoshi?

Haitoshi, na ningependa wasimamizi walielewe hili kabla ya kumlaumu mhudumu aliyeumia. Mbinu hiyo inafaa kwa sanduku, ambalo unaweza kulikumbatia karibu na kifua. Mgonjwa huweza kushtuka, kulegea ghafla au kukung'ang'ania shingoni. Watafiti wa Marekani waliokadiria kikomo cha kilo 23 kwa mizigo ya kawaida katika mazingira bora walipendekeza kilo 16 hivi kwa kumwinua mgonjwa kwa mikono, tena awe mtulivu na mwenye kushirikiana. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 100 hukaribia uzito huo.

Basi tufanyeje?

Tupunguze kunyanyua kwenyewe. Kwanza muulize mgonjwa anachoweza kufanya, kwa sababu anayeweza kujisukuma kwa visigino amekupunguzia sehemu kubwa ya kazi. Pandisha kitanda hadi usawa wa kiuno chako, funga breki, msogeze kwa shuka la kutelezesha, na asiyeweza kusimama ahamishwe kwa mashine ya kuinulia. Usimwinue kwa kumshika makwapani, kwani huumiza mabega yake pamoja na mgongo wako.

Na anayehudumia nyumbani, ambako kitanda kiko chini na chumba ni chembamba?

Huyu ndiye aliye hatarini zaidi, maana mara nyingi yuko peke yake. Apige goti badala ya kuinama, aondoe vitu njiani, na amweleze mwajiri wake waziwazi kwamba mgonjwa fulani anahitaji watu wawili au kifaa.

Mkanda wa kiuno husaidia?

Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba humkinga mtu asiye na maumivu.

Maumivu yakianza?

Toa taarifa mapema, na endelea kutembea kadiri unavyoweza badala ya kulala siku nzima. Ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikiishiwa nguvu, au ukishindwa kukojoa au kuzuia mkojo, nenda hospitali mara moja, kwani huenda neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa.