Miaka 16 ya kwenye kipande si umri wa babu yako

Nimeletewa tena kipande, ile hati ya kazi ya enzi za ukoloni, na tena ukoo umeshachorwa: kilitolewa 1920, kimeandikwa miaka 16, basi babu alizaliwa 1904 na nyanya amekuwa akikosea maisha yake yote. Jamani, nyanya tumsikilize kwanza.

Sheria ya kipande Kenya ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alipaswa kuandikishwa na kutiwa alama za vidole. Karani angejuaje umri huo? Vyeti vya kuzaliwa havikuwepo. Alimtazama kijana, urefu, kidevu, akaandika alichokiona. Na kati ya nambari zote, 16 ndiyo ninayoiamini kidogo zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mpaka. Kijana aliyetaka kazi alijikuza. Aliyeogopa kodi ya kichwa alijipunguza. Wote wawili walikuwa na sababu nzuri, na kalamu ya karani haikututofautishia.

Sasa nyanya. Yeye anasema babu alikuwa bado mchunga mbuzi ulipoingia ule ugonjwa wa baada ya vita. Hiyo ni homa ya mafua ya 1918. Mchunga mbuzi ni mtoto wa miaka saba hadi kumi na mbili hivi, kwa hiyo 1920 huenda alikuwa na miaka 13 au 14, akajikuza apate kazi. Nyanya hakutaja mwaka hata mmoja, lakini ametupa ushahidi mzito kuliko ule wa karani. Waulizeni wazee njaa, rika, reli. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Anayekumbuka iliyosimuliwa kuhusu siku hizo amekupa kalenda.

Kinachonifurahisha mimi kwenye kipande ni mistari ya waajiri, ambayo watu huiruka. Jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuachishwa na sahihi. Bila sahihi ile mtu hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na kuondoka bila ruhusa kulikuwa kosa la jinai. Tazama wino unavyobadilika mstari hadi mstari. Ukiona mwajiri mwenye tarehe ya kuanza bila ya kumaliza, simama hapo: pengine babu alitoroka, na pengine bwana shamba alikataa tu kutia sahihi. Nimekaa na vipande vya namna hiyo nikashindwa kuamua. Huwa naandika yote mawili.

Mkebe wa chuma wa kutunzia kipande, aliouvaa shingoni, usiusugue. Karatasi usiitie plastiki ya moto.

Kadi ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, wa mkonge Tanganyika ni kitu kingine: inahesabu siku 30 za kazi, usitafute humo maisha ya mtu. Na medali? Nyota za vita vya pili zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa jina, kwa hiyo ukingo mtupu haumaanishi babu aliinunua. Medali za vita vya kwanza ndizo zenye nambari na jina: za duara ukingoni, za nyota nyuma.

Ukishanakili waajiri wote na tarehe zao, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, uombe ripoti za wilaya na majalada ya kazi ya miaka hiyo. Anza na jina la shamba. La babu liache mwisho, maana huenda kila karani aliliandika alivyolisikia.