Nimeng'olewa jino: niweke karafuu?

Nimetoka kung'olewa gego leo mchana pale Ngara. Mama mkwe anasema nitafune karafuu. Nitafune?

Leo hapana. Damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo bendeji yako, na nyama mpya huota chini yake. Ukiichokoza kwa punje ya karafuu, au ukisukutua sukutua kuondoa ladha ya damu, inang'oka na mfupa unabaki wazi. Ng'ata pamba uliyopewa kwa nusu saa hivi, bila kuitoa kila dakika kuichungulia. Mate mekundu hadi jioni si ajabu. Damu ikijaza mdomo tena na tena, rudi kliniki.

Basi karafuu ni ya nini?

Mama hajakosea sana. Karafuu ina yujenoli, ambayo hutia ganzi, na ile harufu inayokupokea kwa daktari wa meno mara nyingi ndiyo hiyo: huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Maumivu yakizidi siku ya 2 hadi ya 4 badala ya kupungua, yakapanda sikioni na mdomo ukanuka, huenda shimo limekauka, yaani ile damu iliyoganda imetoka. Daktari atalisafisha, pengine aweke dawa yenye yujenoli. Aweke yeye. Mafuta ya karafuu ya kichupa ni makali, yasipozimuliwa huchoma ufizi, na mtoto akiyanywa yanaweza kumharibu ini. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kaa nayo mbali kabisa.

Na shubiri? Ninayo kwenye mkebe hapa barazani.

Ute wake umejaribiwa kwenye mashimo ya meno na ukapunguza maumivu, lakini ni ute ulioandaliwa kwa usafi. Jani lako lina vumbi la barabara ya Outering na utomvu wa manjano unaoharisha. Liache.

Nisukutue na nini?

Saa 24 zikipita, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye gilasi ya maji vuguvugu, kila baada ya kula. Usiyapige mashavuni. Inamisha kichwa huku na huku, kisha fungua mdomo yadondoke yenyewe kwenye sinki.

Miraa je?

Najua kesho ni Ijumaa. Lakini maganda yataingia shimoni, na sigara inayoandamana nayo ni mbaya zaidi. Isubiri wiki.