Mshipa umebanwa, lakini ni mshipa upi?

Kubanwa kwa neva ni pale neva inapokandamizwa mahali inapopita pembamba, katikati ya mfupa, kano na tando ngumu, hadi ikashindwa kupeleka ujumbe sawasawa. Mkononi hutokea zaidi kwenye kifundo na kwenye kiwiko. Huanza na ganzi na kuchomachoma, baadaye mkono unakosa nguvu.

Kinachonisumbua ni hili neno mshipa. Kiswahili kimelibebesha mzigo mkubwa: njia ya damu ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, kano nazo wengi huziita mishipa, na hata ngiri huitwa mshipa. Basi mgonjwa akiambiwa "mshipa umebanwa", anaelewa kwamba damu haipiti. Anakandwa kwa nguvu ili "damu ifunguke", na miezi inapita. Simlaumu, maana hata Wagiriki wa kale neno lao neuron lilikuwa la kano na la uzi wa upinde kabla halijawa la neva. Ila sisi tuna maneno ya kutenganisha, na tunayaacha.

Umewahi kugonga kiwiko upande wa ndani? Kile kishindo kama cha umeme kinachoruka mpaka kidole cha mwisho ni neva ya alna. Damu hairuki hivyo. Neva hiyo ikibanwa pale kiwikoni, ganzi hushika kidole cha mwisho na nusu ya cha pete. Kwenye kifundo cha mkono ni habari nyingine: neva ya kati hupita kwenye kijinjia kimoja na kano 9, na kano hizo zikivimba, neva ndiyo inayoumia. Hapo ganzi hushika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete inayoelekea gumba. Kidole kimoja, nusu mbili, neva mbili! Ramani hiyo ni ya neva. Damu ikikosekana, vidole hupauka na kuwa baridi.

Ni kweli kwamba neva ikikandamizwa, vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha navyo hubanwa. Lakini mwenye shida ni neva. Anayeamka usiku akikung'uta mkono hudhani anasukuma damu, kumbe alilala amekunja kifundo. Ndiyo maana kifaa cha kukinyoosha kifundo usiku huwasaidia wengi kuliko kukandwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia mshipa wake wa mkono umebanwa, mwulize taratibu ganzi iko vidole gani. Akikuonyesha vile vya upande wa gumba, mwambie hiyo ni neva, na akifika kwa daktari aitaje hivyo, avitaje na vidole. Ila aende kabla nyama ya chini ya gumba haijabonyea, kwa sababu ikishapungua, huenda isirudi yote hata neva ikifunguliwa.