Miguu isiyotulia usiku: yasemwayo mtaani na ilivyo kweli

Kuna watu ambao usiku ukiingia, miguu yao hukataa kulala. Mwili umechoka, macho ni mazito, lakini ndani ya mashavu ya miguu kuna kitu kinatambaa, kinavuta, kinatekenya, na hakinyamazi mpaka mtu ainuke atembee. Akirudi kitandani, dakika chache tu kinaanza upya. Huu ni ugonjwa, na unajulikana siku nyingi. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliuandika mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaueleza kwa kina na kuupa jina la miguu isiyotulia mwaka 1945. Hata hivyo, hapa Uganda, kuanzia Busia hadi Koboko, mwenye shida hii bado hurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, au huambiwa aombewe. Naandika kwa sababu jambo la kwanza linalopaswa kuangaliwa linapimika maabara, na mara nyingi linatibika: akiba ya madini ya chuma mwilini.

"Ni uchovu wa kusimama kutwa nzima"

Shangazi yangu anauza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, sokoni. Jioni akiketi kula na sisi, baada ya muda mfupi utamwona anasugua shavu la mguu mmoja kwa kisigino cha mwingine. Kisha anakunja vidole, ananyoosha, anabadilisha upande. Mazungumzo yakiwa yamenoga, yeye huinuka, akaegemea mlango, akamalizia posho yake amesimama. Watoto wa nyumbani wamezoea kumwachia nafasi pale mlangoni. Kwa miaka mingi aliambiwa apumzike. Alichokuwa akijibu ni hiki: "Mwanangu, nikipumzika ndipo inapoanza."

Jibu hilo linabeba nusu ya uchunguzi. Uchovu wa kawaida huisha ukiketi, lakini shida hii huamshwa na kuketi. Daktari anayeijua atatafuta mambo matano: hamu kubwa ya kusogeza miguu, ambayo mara nyingi huja na hisia mbaya ndani yake, kuanza au kuzidi mtu anapotulia, kupata nafuu anapotembea au kujinyoosha, kuwa mbaya zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi, na kutokuwepo kwa sababu nyingine inayoeleza yote hayo. Hakuna kipimo cha picha wala cha damu kinachosema moja kwa moja "unao" au "huna". Maelezo yako ndiyo kipimo, kwa hiyo usimwambie daktari tu kwamba miguu inauma. Mwambie inaanza saa ngapi, ukiwa umekaaje, na unafanya nini ili itulie.

"Wamemtumia mayembe"

Mayembe ni mapepo ya uchawi, na sidharau hofu hii. Mtu anayezunguka uani saa nane za usiku, wengine wakikoroma, huwapa majirani cha kusema. Mama naye, shangazi naye, sasa binti naye: ukoo mzima ukianza kutembea usiku, neno laana halikawii kutajwa.

Ukweli ni kwamba ugonjwa huu hupita katika damu ya familia. Mwaka 2007 watafiti walitambua vinasaba kadhaa vinavyohusiana nao, kikiwemo kile kinachoitwa MEIS1. Wanaoanza kuugua wakiwa vijana aghalabu wana mzazi au ndugu mwenye shida hiyohiyo. Katika ubongo wao, sehemu zinazosimamia mwendo hupungukiwa chuma, na kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, huvurugika. Kuvurugika huko hufuata saa ya mwili, ndiyo maana usiku ni mbaya kuliko mchana. Anayetaka kuombewa aombewe, hakuna ubaya. Lakini kuchanjwa miguu kwa wembe hakuongezi chuma, na wembe uliopita kwa watu wengi unaweza kuleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

"Nimepimwa damu, sina upungufu"

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wagonjwa kwa wahudumu. Kipimo cha kawaida cha damu kwenye kituo cha afya ni cha himoglobini. Kinaonyesha chuma kilichokwisha kuingia kazini ndani ya chembe nyekundu. Akiba yenyewe hupimwa kwa feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini. Mwili ni mwaminifu kwa damu: utakomba ghala lote kabla sufuria haijaanza kupungua, hivyo himoglobini inaweza kuwa nzuri kabisa huku feritini ikiwa imebaki kidogo sana. Ubongo huanza kuteseka mapema.

Jambo jingine ni kiwango. Karatasi ya maabara inaweza kuandika kwamba feritini ya 20 au 30 ni ya kawaida. Kwa mtu wa kawaida huenda ikapita. Kwa mwenye miguu isiyotulia, miongozo ya wataalamu wa ugonjwa huu inashauri kufikiria chuma cha vidonge feritini ikiwa 75 au chini yake, kwa maikrogramu kwa lita. Ukiambiwa "iko sawa", omba uone namba. Na kumbuka malaria, maambukizi au uvimbe wowote mwilini huipandisha feritini kwa uongo. Ukipimwa ukiwa na homa, jibu litakudanganya.

Akiba hiyo inapotelea wapi? Hedhi nzito. Mimba zinazofuatana. Minyoo ya safura, ambayo bado ipo katika maeneo mengi ya Uganda na hunyonya damu taratibu bila kelele. Vidonda vya tumbo vinavyovuja. Tena kuna udongo. Wajawazito wengi kwetu hula mumbwa, ule udongo uliochanganywa na mitishamba unaouzwa sokoni. Hamu ya kula udongo yenyewe inaweza kuwa dalili ya upungufu wa chuma, na udongo ukishafika tumboni unaweza kukishika chuma cha chakula kisiingie mwilini. Ukimwona mtu anautamani udongo na usiku hatulizi miguu, usimcheke. Mpeleke apimwe.

Chakula kinasaidia, ingawa ghala lililokauka hakilijazi haraka. Maini, nyama na mukene hutoa chuma kinachoingia vizuri. Dodo, ile mboga ya mchicha, na maharage vinacho pia, lakini kinahitaji kusukumwa na vitamini C: kamulia ndimu, kula pera au chungwa papo hapo. Chai, ile ya maziwa tunayokunywa mara tu baada ya kula, huzuia sehemu kubwa ya chuma hicho. Isogeze saa moja au mbili mbele. Kwangu mimi hili ndilo badiliko rahisi kuliko yote, maana halina gharama hata shilingi moja.

Vidonge vya chuma navyo vina utaratibu wake. Humezwa bila chai wala maziwa, mara moja kwa siku au siku moja ukinywa na nyingine ukiacha, kama alivyoelekeza daktari. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Nafuu haiji kesho. Huweza kuchukua hata miezi 3, kisha feritini hupimwa tena. Kwa wale ambao tumbo halivikubali au havijafaa, kuna chuma cha kuingizwa kwenye mshipa, kazi ya hospitali kubwa. Usijinunulie tu na kumeza kwa kubahatisha. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi, kwa mfano, anaweza kuwa na chuma kilichozidi tayari, na kuongeza kingine kukaharibu ini na moyo wake. Vidonge hivyo vifiche mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa.

"Meza diclofenac ulale"

Diclofenac na dawa nyingine za maumivu za jamii yake hazigusi chanzo cha ugonjwa huu. Zikimezwa kila usiku zinaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo, na tumbo linalovuja damu linapoteza chuma. Mtu anajiongezea ugonjwa akidhani anajitibu.

Mbaya zaidi ni dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Mtu hajalala siku tatu, duka la dawa linampa Piriton au promethazine "imsaidie kulala". Dawa hizi huichochea miguu. Hali kadhalika metoclopramide ya kuzuia kutapika, baadhi ya dawa za sonona, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol. Sisemi uziache. Dawa ya akili ikiachwa ghafla inaweza kumrudisha mgonjwa pabaya. Mwambie aliyekuandikia kwamba miguu imeanza au imezidi tangu uzitumie, atafute nyingine au arekebishe kipimo.

Waragi ya kulalia humzubaisha mtu saa moja au mbili, kisha usingizi hukatika na miguu huja kwa kishindo. Sigara na kahawa ya jioni vivyo hivyo huwasumbua wengi.

"Mjamzito huvumilia tu"

Tafiti za nchi nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba karibu mjamzito mmoja kati ya watano hupatwa na hali hii, hasa miezi mitatu ya mwisho. Kwa wengi huisha wiki chache baada ya kujifungua, na hiyo ni habari njema. Lakini kuvumilia bila kusema si lazima. Vidonge vya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki ya wajawazito vimezwe kweli, visibaki kwenye mkoba, na mkunga aambiwe kuhusu usiku. Aliyewahi kupata katika mimba moja anaweza kupata tena katika inayofuata, na huenda ugonjwa ukamrudia hata uzeeni.

"Miguu ikisumbua usiku, ni ugonjwa huohuo"

Hapana. Msuli ukikaza ghafla ukawa kama jiwe, huo ni mkazo wa msuli, na hupita. Nyayo zinazowaka moto au kufa ganzi mchana na usiku, hata ukitembea, zinaelekeza kwenye neva zilizoumia: kisukari, virusi vya UKIMWI, pombe nyingi, upungufu wa vitamini B12, au isoniazid, dawa ya kifua kikuu ambayo ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Na mguu mmoja ukivimba, ukapata joto na kuuma, usisubiri asubuhi. Huenda ni damu iliyoganda mshipani.

Figo zikishindwa, miguu isiyotulia huwa ya kawaida mno. Wanaosafishwa damu, katika hospitali ya Kiruddu jijini Kampala au kwingineko, hutakiwa kukaa kwenye kiti karibu saa 4 bila kuondoka, na kwa mwenye ugonjwa huu hayo ni mateso yasiyoelezeka. Waambieni wauguzi. Kuna la kufanya.

Watoto nao huupata. Mtoto asiyetulia darasani, anayelia miguu usiku, asichapwe kwanza.

"Hauna dawa, zoea"

Kwa wenye hali nyepesi, mambo madogo husaidia sana. Nyoosha mashavu ya miguu kabla ya kulala: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, shikilia, badilisha. Loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu; wengine hupata nafuu kwa maji baridi, jaribu yote. Kanda kwa nguvu. Tembea kila siku, ila mazoezi mazito yawe mapema, si usiku. Kazi inayoshika akili kama kusuka, kuhesabu mauzo au mazungumzo ya kweli hupunguza hisia ile, na shangazi husuka mikeka yake saa zile zile mbaya. Ukisafiri na basi la usiku kutoka Kampala kwenda Arua, karibu kilomita 500, omba kiti cha upande wa njia, na basi likisimama njiani pale Karuma shuka utembee hata kama huna cha kununua.

Ikiwa usiku bado haulaliki licha ya chuma kurekebishwa, zipo dawa za hospitali. Siku hizi wataalamu huanza zaidi na gabapentin au pregabalin, ambazo zinaweza kuleta kizunguzungu na usingizi. Mwendesha boda asizianze siku ya kazi. Zamani walikuwa wakianza na pramipexole, ropinirole au levodopa. Hizi hufanya kazi vizuri mwanzoni, ajabu kabisa, lakini zikitumika muda mrefu huweza kuugeuza ugonjwa: dalili zinaanza alasiri badala ya usiku, zinapanda hadi mikononi, na kila kipimo cha dawa kikiongezwa hali inazidi. Baadhi ya watu pia hushikwa na tamaa isiyozuilika ya kamari au kununua vitu. Ukiona hivyo, usiongeze kidonge na usiziache ghafla, kwa maana kuziacha kwa mkupuo kunaleta siku kadhaa za kutolala kabisa. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, azipunguze polepole, na kabla ya lolote jingine aipime tena feritini.