Kikohozi kimekata mwezi wa pili wa matibabu. Dawa za TB niache?

Kifua kikuu (TB) ni nini?

Ni ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na bakteria, na mara nyingi hushambulia mapafu. Huenea kwa hewa, pale mgonjwa ambaye hajaanza dawa anapokohoa. Haurithiwi, si wa kurogwa, na hauambukizwi kwa kikombe wala sahani.

Niende kupima lini?

Ukikohoa wiki 2, nenda. Anayeishi na VVU asisubiri hata hizo wiki 2. Homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka na kupungua uzito ni sababu za kuharakisha. Tafadhali, acheni kuzunguka maduka ya dawa kununua dawa za maji za kikohozi na antibayotiki nusu dozi. Sipro, kwa mfano, inaweza kuituliza TB kwa muda bila kuiponya. Mtu anadhani kapata nafuu, kumbe anaendelea kuambukiza watu wa nyumbani.

Makohozi yanatolewaje?

Sukutua mdomo kwa maji matupu. Simama nje, mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara 2 au 3, kisha kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua. Kijiko kimoja cha chai cha makohozi mazito kinatosha. Kopo lililojaa mate meupe yenye povu halitusaidii, na majibu yake yanaweza kukudanganya kwamba huna TB. Mashine ya GeneXpert hupima kwa muda wa saa 2 hivi, na huonyesha pia kama bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB.

Kikohozi kimekata, nakula vizuri. Niache?

Hapana. Miezi 2 ya mwanzo unameza dawa 4 ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 kwa siku, vyote kwa mpigo mmoja, si kimoja asubuhi na vingine jioni. Dawa hizo huua haraka bakteria wanaozaliana, ndiyo maana kikohozi kinakata na hamu ya kula inarudi. Wanaobaki ni wachache, wamelala, na kuwaua huchukua muda. Miezi 4 inayofuata, ya rifampisini na isoniazidi, ni kwa ajili yao. Ukiacha sasa umewaachia mapafu yako.

Lakini makohozi yamepimwa mwezi wa pili, hayana bakteria!

Vizuri sana, na bado usiache. Kipimo hicho kinaonyesha kwamba dawa zinafanya kazi na kwamba unaweza kuingia awamu ya pili. Si cheti cha kupona. Utapimwa tena mwezi wa 5 na mwishoni mwa matibabu.

Kwani nani aliamua iwe miezi 6?

Swali hili huulizwa kwa hasira, basi lijibiwe vizuri. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kwa uongozi wa Wallace Fox, na Denis Mitchison upande wa maabara. Wakati huo tiba ilichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Majaribio yakaonyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwenye dozi, miezi 6 inaweza kutosha. Waliokosa dawa hizo waliugua tena kwa wingi baada ya kumaliza miezi hiyo hiyo 6. Kwa hiyo muda unaouona mrefu ndio uliofupishwa, na waliosaidia kuufupisha ni wagonjwa wa huku kwetu.

Kisha Karel Styblo, daktari Mcheki aliyepata TB akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen, akafanya kazi na mpango wa taifa wa TB na ukoma Tanzania kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Utaratibu ukawa huu: dawa imezwe mbele ya mtu, kila jina liandikwe kwenye rejista, na kila robo mwaka ihesabiwe nani kapona, nani kafa, nani katoroka. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likausambaza utaratibu huo kwa jina la DOTS. Leo kuna tuzo ya kimataifa ya afya ya jamii yenye jina la Styblo, kwa waliopambana na TB au magonjwa ya mapafu kwa miaka 10 au zaidi. Wewe unaombwa miezi 6.

Nimesikia ipo ya miezi 4.

Ipo. Ina dawa nyingine, zikiwemo rifapentini na moksifloksasini. Baadhi ya watoto wenye TB isiyo kali pia hutibiwa miezi 4. Daktari ndiye anayepanga hilo tangu mwanzo. Haimaanishi dozi yako ya miezi 6 uikatishe mwezi wa 4.

Dawa zinanisumbua.

Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini tu, usiogope. Ganzi miguuni, uliza kuhusu vitamini B6. Unayetumia vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango, mwambie nesi, kwani rifampisini hupunguza nguvu zake. Macho yakiwa ya manjano, ukitapika mfululizo au ukianza kuona ukungu, usimeze dozi nyingine kabla ya kuonwa, na nenda kliniki siku hiyo hiyo. Hapo ndipo unaposimamisha, na anayekuanzishia tena ni mtaalamu.

Nimeshaacha mwezi mzima. Nifanyeje?

Rudi leo, na kadi yako na vidonge vyote vilivyobaki. Usijianzishie mwenyewe. Usimpe shemeji anayekohoa: kumeza kwa kubahatisha ni njia mojawapo ya kutengeneza TB sugu, nayo inahitaji dawa nyingine kabisa. Kliniki utasemwa kidogo, kisha utapewa kopo la makohozi upimwe upya usugu kabla ya kupangiwa dozi.