Mawingu hayaharibu safari ya picha

Wengi huamini kwamba picha ya mandhari hutaka jua kali na anga la buluu. Wingu likitanda, safari imekwisha. Imani hii ina chimbuko lake: filamu za zamani zilihitaji mwanga mwingi.

Lakini huku kwetu karibu na ikweta, jua la saa sita mchana hukaa karibu utosini. Vivuli hujikunja chini ya miti, mabonde ya milima ya Usambara huonekana bapa, na majani ya migomba hung'aa meupe. Wingu hutawanya mwanga, kijani kikakolea. Hata maporomoko ya maji unaweza kuyapiga kwa nusu sekunde, kamera ikiwa kwenye stendi, bila picha kuungua, yaani kuwa nyeupe kwa mwanga kupita kiasi. Kasoro ni anga jeupe tupu: libakishe robo ya picha, au likate kabisa.

Jaribu mwenyewe pale Irente, mahali pa kutazamia mandhari huko Lushoto. Simama palepale, kamera ikiwa kwenye ISO 100 (wepesi wa kupokea mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi). Piga saa moja asubuhi, saa sita, kisha wingu likipita. Fungua histogramu ya kila picha, yaani grafu ya mwanga wake, giza kushoto na weupe kulia. Picha ambayo grafu yake imerundikana ukingoni kulia imepoteza maelezo ya sehemu angavu, na hayo mara nyingi hayarudishwi kwa kuhariri.